Kifungo cha Mary kilikwisha lini?

Kazi yangu ni kubadilisha fedha za kigeni Mji Mkongwe, na noti ninayoipenda kuliko zote ni dola 20 ya Australia. Ni nyekundu, ya plastiki, na ina picha ya bibi mwenye miwani na kofia ya kitambaa. Wateja wengi wanaonipa noti hiyo hawamjui. Huyo ni Mary Reibey, mwizi wa farasi.

Alizaliwa Lancashire, Uingereza, mwaka 1777. Bado msichana mdogo, alitoroka nyumbani, akavaa kiume, akajiita James Burrow, kisha akakamatwa na farasi wa wizi. Mahakama ikampa miaka saba ya uhamisho. Oktoba 1792 meli Royal Admiral ikamshusha Sydney, koloni ambalo lilikuwa na miaka minne tu, akatiwa kazi ya uyaya.

Mwaka 1794 aliolewa na Thomas Reibey, kijana wa kazi za meli. Walipata shamba kando ya mto Hawkesbury, wakaingia katika biashara ya kusafirisha nafaka, kisha makaa ya mawe, mbao na ngozi. Thomas alifariki mwaka 1811, akamwachia watoto saba. Mary hakukaa kitako: mwaka 1812 alifungua ghala mtaa wa George, baadaye akaongeza na meli. Kufikia 1816 utajiri wake ulikadiriwa kuwa pauni 20,000. Mwaka 1817 Bank of New South Wales, benki ya kwanza ya koloni, ilianza kazi katika nyumba yake. Wala hakuwa malaika, maana mwaka huohuo alitiwa hatiani kwa kumshambulia mdaiwa wake.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mama huyu alichapa kazi. Lakini wanaomtaja ili kutuhubiria juhudi wanaruka jambo moja. Juhudi zake zilikuta mlango wazi. Aliyemaliza kifungo kule aliweza kumiliki ardhi, kufungua duka na kumshtaki aliyemdhulumu. Gavana Lachlan Macquarie aliwakaribisha watu hao mezani kwake na kuwapa kazi kubwa. Francis Greenway, aliyehukumiwa kwa kughushi hati, alimfanya msanifu majengo wa serikali. Walowezi waliokuja kwa hiari yao walinuna, na mwaka 1819 London ikamtuma John Thomas Bigge kuchunguza. Ripoti zake ziliulaumu sana upole huo wa gavana.

Na mlango huo ulifunguliwa katika nyumba ya watu. Bonde la Hawkesbury lilikuwa la Wadharug, wenyeji wa nchi ile. Farasi mmoja alimgharimu Mary miaka saba; waliogawiana mashamba ya Wadharug, yeye na mumewe wakiwemo, walipewa hati.

Hata hivyo, kinachonisumbua zaidi ni sensa ya mwaka 1828. Mary alikuwa ameshakwenda kutembea Uingereza na binti zake mwaka 1820, akarejea mwaka uliofuata. Basi alipotakiwa kueleza alifika vipi katika koloni, akajiandikisha kuwa alifika mwaka 1821, akiwa huru. Miaka kama 30 ilikuwa imepita tangu kifungo kiishe. Ana meli, ana majumba, benki imeanzia kwake, na bado anaona haya kusema alishukaje mara ya kwanza. Wakubwa walizitaka fedha zake. Historia yake hawakuitaka. Sura yake ilifika kwenye noti mwaka 1994, wakati yeye ameshazikwa tangu 1855.

Nasi tuna tabia hiyohiyo ya kumsamehe mtu akishakuwa tajiri, au akishakufa. Kijana anayetoka Chuo cha Mafunzo, yaani jela, leo hana ghala wala meli ya kututia adabu. Akisema kweli kwenye fomu ya kazi, jalada lake linawekwa chini kabisa; akificha, tunamwita mwongo. Hakimu akisema miaka saba, basi iwe saba. Wa nane na kuendelea tunamwongezea sisi: mwajiri anayemrudisha mlangoni, mwenye nyumba anayemnyima chumba, ukoo unaokataa posa yake. Na hukumu hiyo ya kwetu haina mahali pa kukatia rufaa.