Mwimbaji akifa, nani anabakia na sauti yake?

BULE, Djugu – Mwimbaji mkubwa wa ng'ambo ao wa Kinshasa akifa, redio zinapiga nyimbo zake juma nzima. Hakuna ubaya. Lakini mzee mpiga gita akifa ndani ya kambi la wahami, anazikwa mbele jua halijazama, na nyimbo zake zinaingia naye kaburini. Hapo redio zinanyamaza.

Kuna kisa kimoja kinachopaswa kuwapa haya wenye redio. Jimmie Rodgers alikuwa Mmarekani, mfanyakazi wa reli, na wengi wanamwita baba wa muziki wa country. Alirekodi mara ya kwanza mwaka wa 1927, akiwa tayari na kifua kikuu. Mwezi wa 5 mwaka wa 1933, huko New York, alikuwa anaimba wimbo mmoja, analala kidogo kitandani studioni, kisha anaamka kuimba mwingine. Siku 2 baada ya kumaliza, akafa. Alikuwa na miaka 35.

Huyo hakukanyaga Afrika. Lakini santuri zake zilifika kwa Wakipsigis wa Kenya. Mwaka wa 1950, miaka 17 baada ya kifo chake, Hugh Tracey, Mwingereza aliyekusanya nyimbo za Afrika, alirekodi wasichana wa Kapkatet wakimwimba katika lugha yao. Jina lake lilikuwa limegeuka "Chemirocha", naye amekuwa kiumbe nusu mtu, nusu swala. Watu wanacheka hadithi hiyo. Afazali waone aibu: wasichana wa kijiji walimtunza mgeni, na hapa wenyeji wanasahauliwa.

Kongo nayo ina mfano wake. Jean Bosco Mwenda wa Katanga aliimba kwa Kiswahili. Tracey huyo huyo alimrekodi mwaka wa 1952 huko Jadotville, leo Likasi. Bosco alikufa katika ajali ya gari Zambia mwaka wa 1990, lakini mpaka leo wapiga gita wa Ulaya na Marekani wanajifunza vidole vyake. Ni vijana wangapi wa Bule wanaoweza kutaja jina lake?

Wengine watajibu: mtu hana unga, hana bashi ya kujifunika, na mnamletea habari za gita? Ni kweli, njaa haingoji. Na Plaine Savo, karibu na Bule, watu zaidi ya 50 waliuawa usiku mmoja mwanzoni mwa mwezi wa 2 mwaka wa 2022. Lakini ndiyo sababu yenyewe ya kuharakisha. Nyumba iliyochomwa inajengwa tena, bati linanunuliwa. Wimbo wa mavuno ambao bibi mmoja tu anaujua hauuzwi sokoni. Mtoto aliyezaliwa kambini hajaona shamba la babu yake. Wimbo unaweza kumwambia lilikuwa upande gani wa mto.

Kisingizio cha feza hakipo tena. Tracey alizunguka na gari na mashine nzito. Leo mtangazaji ana simu mfukoni. Redio za Ituri zitoe nusu saa kwa juma: mzee mmoja, jina lake, kijiji chake, nyimbo zake. Zimuombe ruhusa kwanza, zimwachie nakala, na jina lake litajwe kila mara wimbo unapopigwa. Wajukuu nao wasingoje redio. Jioni, bibi akianza kuimba akiwa anachambua maharagi, mmoja ashike simu.

Rodgers aliimba akibakiza siku 2 za kuishi, na sauti yake ikabaki kwa sababu kulikuwa mtu wa kuirekodi. Kambini pia kuna wazee wanaokohoa usiku. Anayengoja matanga ndipo awashe simu atarekodi kilio tu.