Twahesabu Miche, Nani Ahesabu Mikongwe?

Tangu Desemba 2022, serikali ilipotangaza azma ya kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka wa 2032, wakuu wetu hawaishi kutuhesabia miche. Tarehe 13 Novemba 2023 taifa zima lilipewa likizo ili likapande miti. Sina ugomvi na mpanzi yeyote. Ninalouliza ni nani anayeihesabu miti mikongwe inayoanguka.

Katika misitu ya Shimba Hills, huko Kwale, mna kerengende mwembamba, mrefu kama kidole, ambaye wataalamu humwita Coryphagrion grandis. Hapatikani popote ila katika misitu ya mashariki mwa Afrika, kuanzia pwani yetu hadi Msumbiji. La ajabu ni kwamba jamaa zake wa karibu wako Amerika ya Kati na ya Kusini, ng'ambo ya Atlantiki.

Kerengende wengi hutaga mitoni na vidimbwini. Huyu hutaga katika maji ya mvua yaliyotuama ndani ya mashimo ya miti, na humo watoto wake hukua wakila viluwiluwi vya mbu (faida ambayo mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa). Shimo kama hilo halipatikani kwa siku moja. Tawi huvunjika, kisha moyo wa mti huoza polepole kwa miaka mingi. Mche uliopandwa Novemba 2023 hauna shimo, na wengi wetu tutakufa kabla haujalipata.

Wahenga walinena kuwa mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huyumba. Wana wa kerengende hawapati hata nafasi ya kuyumba. Maji humwagika nao wakafa. Isitoshe, mti wenye shimo ndio kwanza huhukumiwa kuwa mbovu, ukageuzwa makaa.

Marufuku ya ukataji miti ya 2018 ilipoondolewa Julai 2023, Rais William Ruto alisema ni upumbavu kuacha miti iliyokomaa ioze msituni. Kwa misonobari iliyopandwa kwa ajili ya mbao, hoja hiyo ina uzito. Kwa msitu wa asili haina, kwani kuoza huko ndiko kunakompa kerengende makao.

Basi maafisa wa misitu wa Kwale wanapoandika idadi ya miche, na waandike katika ukurasa uo huo idadi ya mikongwe iliyosimama mwaka jana na iliyosimama leo.