Majina ya Mahali Kibwezi: Kusahihisha au Kusoma?

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi hupita Mtito Andei, kisha Kibwezi, na baadaye Sultan Hamud. Aghalabu majina haya husomwa kama vibao tu vya barabarani. Kwa hakika, kila jina ni kumbukumbu ya lugha zilizokutana Ukambani.

Mathalani, katika Kikamba mũtitũ ni msitu na ndei ni tumbusi. Mtito Andei, basi, ni msitu wa tumbusi. Katika kuandikwa na wageni, wa unganifu ilipoteza w, nayo a ikashikamana na ndei. Jina Kibwezi nalo lina b na z, sauti ambazo katika Kikamba huandamana na m na n, kama katika mbua (mvua) na nzou (ndovu). Hii ni dalili kwamba umbo la ramani limepitia kalamu ya lugha nyingine. Sultan Hamud limetoka mbali zaidi: ni jina la Hamoud bin Mohammed, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1896 hadi 1902, reli ilipokuwa ikijengwa.

Wapo wanaodai kwamba majina ya aina hii yamepotoshwa na hayana budi kusahihishwa. Hoja yao ina uzito, kwani jina la mahali ni mali ya wenyeji. Hata hivyo, kufuta umbo la sasa ni kufuta ushahidi wa safari yake. Mji wa Machakos ulitokana na jina la Masaku, kiongozi wa Wakamba. Baraza la eneo hilo liliitwa Masaku hadi lilipovunjwa mwaka 2013, ilhali mji uliendelea kuitwa Machakos. Maumbo mawili yaliishi pamoja bila kugombana.

Kosa kubwa zaidi ni la mwanafunzi wa Kiswahili anayetafuta maana ya kila jina katika kamusi ya Kiswahili pekee. Asiyejua mũtitũ hatatambua kuwa neno hilo ni ndugu ya msitu, wala hataona jinsi t ya Kikamba inavyolingana na s ya Kiswahili. Atapoteza jina na somo la isimu kwa pamoja.

Hivyo basi, vibao na viwe na maumbo yote mawili, la wenyeji na la ramani. Kabla ya hapo, wanafunzi wawaendee wazee wa Kibwezi, wanakili matamshi na masimulizi yao. Ramani itabaki hata kesho. Kinywa cha mzee hakina ahadi hiyo.