Shahidi aliyekufa hawezi kuhojiwa

KATIKA uchunguzi wowote kuhusu maovu ya polisi, neno la askari aliyekuwapo huwa na uzito usiolinganishwa na la mtu mwingine. Raia huona maiti asubuhi. Askari ndiye anayejua gari lilitoka wapi usiku na nani alitoa amri.

Hilo lilidhihirika mwaka 2008, wakati Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu (KNCHR) ilipokuwa ikichunguza jinsi polisi walivyowasaka wafuasi wa Mungiki, kundi lililopigwa marufuku mwaka 2002.

Msako wenyewe ulikuwa na sababu. Mungiki walikuwa wakiwatoza ushuru wahudumu wa matatu kwa vitisho, na mwaka 2007 visa vya watu kukatwa vichwa vilizidi. Mapema Juni mwaka huo maafisa wawili wa polisi waliuawa mtaani Mathare, Nairobi. Polisi waliuvamia mtaa huo, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha.

Kilichofuata kiliwatia wengi hofu. Mnamo Novemba 2007, KNCHR ilisema watu wapatao 500 walikuwa wameuawa katika mazingira yaliyowahusisha polisi. Polisi walikana.

Hapo ndipo alipojitokeza konstebo mmoja, dereva wa kikosi kilichojulikana kama Kwekwe. Aliieleza tume hiyo kwamba alishuhudia washukiwa 58 wakiuawa. Ushahidi wa aina hii hutofautiana mno na ule wa wakuu wa polisi. Mkuu huja mbele ya tume na sera, taratibu na takwimu. Dereva huja na safari: nani alipanda gari, nani hakurudi.

Oktoba 2008 konstebo huyo alipigwa risasi na kuuawa jijini Nairobi. Maelezo yake yalitangazwa hadharani Februari 2009, wakati mjumbe maalum wa Umoja wa Mataifa kuhusu mauaji ya kiholela, Prof Philip Alston, alipokuwa nchini. Prof Alston alipendekeza Kamishna wa Polisi, Meja Jenerali Hussein Ali, afutwe kazi na Mwanasheria Mkuu Amos Wako ajiuzulu.

Siku chache baadaye, Machi 5, Oscar Kamau King'ara na John Paul Oulu wa shirika la Oscar Foundation, ambao pia walikuwa wamempa Prof Alston habari, waliuawa kwa risasi karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi. Hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji yao.

Septemba 2009 Meja Jenerali Ali aliondolewa katika wadhifa huo na kupelekwa katika shirika la posta. Lakini kuhamisha mkuu si sawa na kutoa haki. Tume haina uwezo wa kumshtaki mtu, hupendekeza tu. Ili mapendekezo yawe kesi, shahidi sharti afike kortini na ahojiwe na mawakili wa washtakiwa. Aliyekufa hawezi kuhojiwa. Maelezo yake hubaki karatasi: wanaomwamini humwamini, na wanaomshutumu hawana wa kuwajibu.

Sheria ya Ulinzi wa Mashahidi ilipitishwa mwaka 2006, ila ilianza kutumika Septemba 2008, mwezi mmoja tu kabla ya konstebo huyo kuuawa. Isitoshe, kazi hiyo iliwekwa chini ya afisi ya Mwanasheria Mkuu. Kwa askari anayewashtaki wakubwa wake, kutafuta hifadhi serikalini kulikuwa sawa na kumpelekea nyani kesi ya ngedere.

Marekebisho ya mwaka 2010 yaliunda shirika huru la kuwalinda mashahidi, na mwaka 2011 ikabuniwa Mamlaka Huru ya Kuangazia Utendakazi wa Polisi (IPOA). Matunda yameonekana. Julai 2022 Mahakama Kuu iliwapata na hatia maafisa watatu wa polisi na mdokezi wao kwa mauaji ya wakili Willie Kimani, mteja wake na dereva wao wa teksi, yaliyotokea Juni 2016. Ungamo la mdokezi huyo, mtu wa ndani aliyekuwa hai na aliyefikishwa kortini, lilisaidia kufichua yaliyotendeka.

Hata hivyo, Oktoba 2022 serikali ilivunja kikosi kingine maalum cha polisi, SSU, kwa tuhuma zinazofanana na zile za Kwekwe. Vikosi huvunjwa, majina hubadilika, lakini desturi husalia.

Kamwe Kenya haijakosa tume wala ripoti. Inachohitaji ni kumhakikishia askari wa cheo cha chini, aliyeshika usukani usiku ule, kwamba akisema kweli ataishi kuirudia mbele ya hakimu. Mficha maradhi, kilio humuumbua.