Uwanja wa "Hali Zote za Hewa" Uliofungwa na Theluji

Kila Desemba hadithi ni ile ile. Theluji imeanguka Marekani au Uingereza, viwanja vya ndege vimefungwa, abiria wamelala sakafuni wakiegemea masanduku yao, na hapa kwetu lazima atokee mtu aulize: nchi iliyopeleka watu mwezini inashindwaje na mvua nyeupe?

Jamani, nimechoka na swali hilo. Mniwie radhi nikipaza sauti kidogo, maana mimi nakula kwa kuandika programu na jambo hili linanigusa. Uwanja kufungwa kwa sababu ya theluji si aibu hata kidogo. Aibu ni ya yule aliyewaambia watu kwamba hautafungwa, akalipwa, akaenda zake.

Tuanze na theluji yenyewe. Sisi tunaoiona kwa mbali kule kileleni Mlima Kenya twadhani kazi ni kufagia tu. Wapi! Njia moja ya kurukia ndege inaweza kuwa na urefu wa kilomita tatu na zaidi. Magari hupita kwa msafara, haya yanasukuma, yale yanafagia, na upepo unairudisha theluji nyuma yao. Halafu kuna ndege yenyewe. Barafu ikishika kwenye bawa, bawa halinyanyui inavyopaswa, kwa hiyo ndege hunyunyiziwa dawa yenye glaikoli kabla ya kuruka. Dawa hiyo ina muda wake. Foleni ikizidi muda huo, ndege hurudi kunyunyiziwa upya. Waandishi wa programu mtaelewa haraka: hii ni sesheni inayokwisha muda, ila hapa ukiipuuza watu wanakufa.

Sitii chumvi. Tarehe 13 Januari 1982, jijini Washington, ndege ya Air Florida aina ya Boeing 737 iliruka theluji ikiwa inaanguka, yapata dakika 49 tangu inyunyiziwe mara ya mwisho. Marubani hawakuwa wamewasha mfumo wa kuzuia barafu kwenye injini. Ndege iligonga daraja ikatumbukia mto Potomac. Watu 78 walikufa, wanne kati yao wakiwa kwenye magari yao pale darajani, hawakuwa hata na tiketi. Kwa hiyo msimamizi akisema "leo hakuna kuruka", mimi nampigia makofi.

Sasa twende Denver, Colorado, maana huko ndiko ahadi zilikonenepa kuliko kwingine.

Uwanja wao wa zamani, Stapleton, ulikuwa na njia zilizokaribiana mno. Mawingu yakishuka, ndege hazikuweza kutua sambamba, na foleni ilivuruga safari za nchi nzima. Wahandisi wakasema: kwenye uwanja mpya tutaziachanisha njia, ndege tatu ziweze kutua kwa wakati mmoja hata rubani asipoona chini. Ahadi safi, na ilitimizwa. Lakini ilipofika mikononi mwa watu wa matangazo ikageuka kuwa "uwanja wa hali zote za hewa". Umeona mchezo? Mhandisi alisema mawingu, muuzaji akasema zote.

Uwanja huo huo ndio uliokuwa na ule mfumo wa mizigo ambao wengi wetu tulifundishwa darasani kama mfano wa mradi ulioharibika. Maelfu ya vigari vidogo vilikuwa viende vyenyewe kwenye reli, kompyuta zikiamua kila sanduku liende wapi. Watu wa uwanja wa Munich, waliokuwa na mfumo mwepesi zaidi, walionya kwamba wao walijaribu wao kwa miaka miwili. Denver hawakuwa na miaka miwili. Walikuwa na tarehe ya ufunguzi. Mwaka 1994 waandishi wa habari walipoalikwa kutazama majaribio, waliona masanduku yakirushwa na kupasuka, nguo zikitapakaa. Uwanja uliotakiwa kufunguliwa Oktoba 1993 ulifunguliwa tarehe 28 Februari 1995, na kila siku ya kuchelewa iligharimu zaidi ya dola milioni moja. Mfumo wenyewe uliishia kutumiwa na shirika moja tu, United, mpaka ukazimwa kabisa mwaka 2005.

Theluji nayo haikuwa imesoma matangazo. Machi 2003 ilikuwa nzito kiasi cha kuchana paa la turubai la jengo la abiria. Desemba 20, 2006, siku chache kabla ya Krismasi, uwanja ulifungwa alasiri na haukufunguliwa mpaka adhuhuri ya tarehe 22. Saa 45 hivi. Maelfu ya watu walilala humo. Dhoruba ile ingefunga uwanja wowote duniani, sibishani. Kilichonikera ni kwamba mji ulihitaji saa 45 za aibu ndipo ukae chini uupitie upya mpango wake wa kuondoa theluji na kununua mashine zaidi. Ukishajiita wa hali zote, nani atapitisha bajeti ya mashine za siku ya kushindwa?

Mtaniambia ahadi kubwa ndiyo huvuta pesa, na bila chumvi hakuna mradi unaoanza. Sawa. Lakini anayelipia hiyo chumvi si yule aliyeitia. Ni mama aliyelala sakafuni na mtoto mgonjwa, na mfanyakazi wa kaunta anayetukanwa kwa jambo asilolijua.

Tazama Southwest Airlines, Desemba 2022. Baridi ilishuka ghafla, pale Denver zaidi ya nyuzi 20 za Selsiasi ndani ya saa moja. Mashirika yote yaliumia, lakini mengine yalisimama tena baada ya siku chache. Southwest iliendelea kufuta safari hata kulipokucha jua. Kwa nini? Ndege na wahudumu wake huruka kutoka mji hadi mji kama daladala isiyorudi kituoni, kwa hiyo mnyororo ukikatika mahali pamoja, rubani yuko huku na ndege yake iko kule. Programu ya kupanga wahudumu ilikuwa nzuri kwa kurekebisha safari zinazokuja. Mabadiliko yalipomiminika, kila jibu ilipolitoa lilikuta hali imeshabadilika. Kampuni ikarudi kwenye simu: marubani walikaa kwenye laini kwa masaa wakingoja kumweleza mtu wako mji gani. Yaani shirika kubwa la ndege halikujua wafanyakazi wake wako wapi! Na chama cha marubani kilikuwa kimeonya miaka kabla. Safari 16,900 zilifutwa, abiria zaidi ya milioni mbili wakakwama, na Desemba 2023 serikali ikatoza adhabu ya dola milioni 140.

Dhoruba ilikuwa ya siku mbili tatu. Zilizobaki zilikuwa zetu, watu wa programu na wakubwa wanaotulipa.

Hapa kwetu ugonjwa ni ule ule. Mteja mmoja alinitaka niandike kwenye zabuni kwamba mfumo "hautazimika kamwe". Nikamwambia nitaandika utarudi baada ya muda gani ukizimika, na nani atapiga simu kwa nani. Akasema hilo litawatisha wakubwa. Kazi ikachukuliwa na kampuni iliyoandika "kamwe" kwa herufi nzito. Basi, heri yao.

Wakubwa wanaoogopa neno "kuzimika" waangalie Denver ya tarehe 13 Machi 2019. Dhoruba kali mno. Mashirika yalifuta mamia ya safari mapema, watu wengi wakajulishwa wakiwa bado nyumbani. Njia zote sita zikafungwa. Kesho yake ndege zikaanza kuruka.