Kompyuta Iliyogoma Baada ya Kuhamishwa

Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na wengi wakahamia Windows 11. Ikiwa baada ya kuhama kompyuta ya mezani yawaka taa tu bila ya kuanza kazi, msiharakishe kuifuta diski: picha za wazee na hati za nyumba huenda zingali salama humo. Kwanza chomoeni vifaa vya nje, isipokuwa kibodi, kipanya na skrini. Ikishindwa kuanza mara kadhaa mfululizo, yenyewe hufungua ukurasa wa matengenezo. Hapo chagueni kurudi toleo la zamani. Nafasi hiyo kwa kawaida ni siku 10 tu. Ikidai ufunguo wa tarakimu 48, mara nyingi umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenyewe. Subira ni ufunguo wa faraja.