Sitara ya Collinwood

Aghalabu ikitajwa Dark Shadows, tamthilia ya Marekani iliyoonyeshwa na shirika la televisheni la ABC tangu Juni 1966 hata Aprili 1971, watu humkumbuka Barnabas Collins, mfu mnyonya damu aliyefunguliwa jeneza lake mwaka 1967. Nami sina ugomvi na wampendao. Lakini nashikilia kwamba hofu kubwa zaidi ya hadithi ile ilikwisha kupita kabla ya jeneza kufunguliwa, katika miezi ile ambayo jamaa wa kasri la Collinwood waliketi meza moja kula, na kila mmoja akamtazama mwenziwe kwa dhana.

Bill Malloy, msimamizi wa vyombo vya uvuvi vya akina Collins huko Collinsport, katika jimbo la Maine, aliahidi kuthibitisha kwamba Burke Devlin, aliyefungwa miaka mitano kwa kuua mtu kwa gari, alidhulumiwa, na kwamba mkosa hasa ni Roger Collins. Akaitisha kikao usiku, mwenyewe asifike, na bahari ikamrejesha akiwa maiti. Tuhuma zingemwangukia nani isipokuwa Roger? Victoria Winters, mwalimu wa mtoto wake, aliokota pwani kalamu ya thamani iliyoelekea kumhusisha Roger na kifo hicho, na Roger, badala ya kunena, akaificha.

Ilhali Roger hakumwua Malloy. Alilolificha ni kosa jingine, la miaka kumi nyuma, na hakuweza kujitetea kwa hili bila ya kujifichua kwa lile. Hapo ndipo pananigusa mimi, kwa kuwa nyumba nzima ilikuwa hivyo hivyo. Mtoto David alipozichezea breki za gari la babake, shangazi yake, Bibi Elizabeth, mwenye kasri, alimwambia mkuu wa polisi kwamba ilikuwa ajali. Na Bibi mwenyewe, ambaye Joan Bennett alimwigiza kwa staha ya ajabu, alikuwa hajavuka viunga vyake miaka 18, akiamini kwamba alimwua mumewe na kwamba maiti imezikwa chini ya nyumba. Polisi alipobisha hodi kuuliza habari za Malloy, kila aliyekuwamo alitetemekea siri yake mwenyewe, na mtetemo ule ukasomwa kuwa ushahidi.

Sitara kwetu ni neno tukufu, na mzee yeyote wa pwani huiomba katika dua zake. Lakini akina Collins walijisitiri hata wasijuane, na aliyewaelewa vyema kuliko wote alikuwa mtumishi wao, Matthew Morgan, mtunza kasri, mtu asiye na jamaa wala makao ila yale aliyopewa na Bibi. Yeye ndiye aliyemwua Malloy. Hakutumwa na mtu. Aliona tu kwamba Malloy atamletea Bibi fedheha, na katika nyumba ile, ambamo hata uwongo kwa polisi ulihesabiwa kuwa wema kwa jamaa, nani alimfundisha kwamba uko mpaka?

Siri yake ilipotoka alimteka Victoria, akamficha katika nyumba kuukuu ya ukoo huo, na huko mizuka ikamtokea Matthew, akafa kwa hofu. Tuhuma ya kuua ikamwondokea Roger. Burke Devlin alikuwa bado anangoja ukweli wake.